Mbuzi wa Mtani

Nilimwaga mboga. Chungu kizima cha mlenda wa moto nilikiinua mafigani nikakimimina chini, mbele ya wageni watatu waliokwisha kunawa mikono na kumega ugali wa uwele. Kwetu Ugogo mwanamke anayemwaga chakula mbele ya wageni ametangaza kuwa nyumba haiwataki, na akiitwa mbele ya wazee hana la kujitetea. Nililijua hilo. Nilimwaga polepole, ili asije mtu akadhani kimeniponyoka.

Wageni hao walikuwa wauza chumvi. Waliitoa Bahi, wakaizungusha vijijini kwa punda, na kila walipopita Dodoma walikuja kula kwetu, kwa kuwa mkubwa wao alikuwa mtani wa mume wangu. Mume wangu ni karani wa boma la Wadachi. Siku hiyo alikaa nao mkekani katika kanzu yake nyeupe, na yule mkubwa wao, mtu mrefu mwenye sauti laini, alikuwa amempakata mwanangu. Alikuwa akimrusharusha gotini. Akamwambia mtoto, si mimi:

"Mjukuu wangu, bibi yako wa Chamwino anakuja mjini keshokutwa. Tutampokea njiani. Tutamzika vizuri, wewe usilie."

Mume wangu akacheka. Hapo ndipo nilipofika mwisho. Maneno ya yule mtu ningeyavumilia, nilikuwa nimeyavumilia mwezi mzima. Lakini kicheko cha mume wangu kilikuwa kikavu, kama cha mtu aliyekabwa na mfupa na hataki wageni wajue.

Mlenda ulipokwisha kumwagika nikasema, "Nipe mtoto wangu."

"Dada yetu," yule mtu akasema, akijifuta mguu, "kuolewa na Wanyamwezi kumekufanya usahau adabu? Si utani huu?"

"Na mimi natania. Tokeni."

Walitoka. Mlangoni aligeuka, akamtazama mume wangu. "Mtani, mfundishe mkeo. Mbuzi wetu umekwisha kumla."

Majina siandiki. Wenyewe wanajijua, na walio bomani wanajua pa kuyatafuta.

Nieleze tulivyofika hapo. Mume wangu ni Mnyamwezi. Baba yake alikuja na misafara, akibeba pembe za ndovu mabegani, akachoka, akajenga hapa. Mtoto akapelekwa shule ya serikali pwani, akarudi anaandika mwandiko mzuri kuliko wa Wadachi wenyewe. Mimi ni Mgogo wa hapa hapa. Nilisoma misheni mpaka darasa la juu kabisa waliloruhusu wasichana, kisha nikafundisha wadogo kusoma mpaka nilipoolewa. Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu zama za misafara. Mtani hukutukana mbele ya mama yako, huchukua kuku wako bila kuomba, na ukifa huja kurukaruka kaburini kwako akidai alipwe ndipo atoke. Na sheria ya utani ni moja: hukasiriki. Tena hujibu kwa upole. Mtani akisema nitakuua, unamwambia njoo na jembe, nisipate taabu ya kuchimba.

Kazi ya mume wangu bomani ilikuwa kuandika mashauri. Watu wa mbali waliokuwa na malalamiko walipangiwa siku, askari akatumwa kuwaambia, na siku hiyo waje wenyewe kwa miguu. Kwa hiyo hakukuwa na mtu mwingine Dodoma aliyejua vizuri kama yeye nani atakuwa katika njia ipi siku gani. Hilo hakuna aliyelifikiria. Yeye mwenyewe hakulifikiria. Kwake yalikuwa majina na siku tu.

Akida wa upande wa mashariki, mtu wa pwani aliyewekwa na Wadachi akusanye kodi na atoe wapagazi, alikuwa na watu wengi wa kumlalamikia. Mmoja alikuwa mzee wa Mvumi mwenye ng'ombe, aliyesema waziwazi kuwa atakwenda bomani kumvua akida kofia. Siku moja kwenye pombe, upande wa Chang'ombe, yule muuza chumvi akampigia kelele mume wangu mbele ya watu wote:

"We mwana wa mpagazi! Bega lako bado lina alama ya pembe! Yule mzee wa Mvumi ameitwa lini? Nataka nikamzike, nina njaa ya nyama ya matanga."

"Siku ya mashauri inayokuja," mume wangu akajibu. "Atapita mtoni, mbuga anaiogopa. Lakini ukimzika, mzike na mdomo wake. Ukiuacha nje utaendelea kusema."

Watu walicheka mpaka pombe ikamwagika. Wanawake wanaopika pombe pale walinisimulia utani huo asubuhi yake, na mimi pia nilicheka. Ulikuwa utani mzuri.

Mzee wa Mvumi hakufika bomani. Alikutwa kwenye mto mkavu, pale watu wanapochimba mchanga kutafuta maji, kichwa kikiwa ndani ya shimo. Walisema aliinama kunywa akashikwa na kizunguzungu. Mzee huyo alikunywa kwenye mashimo hayo maisha yake yote. Alipoitwa jina lake bomani mara tatu bila kuitika, shauri lake likafutwa. Hiyo ndiyo desturi ya boma: asiyekuja hana neno.

Kesho yake yule muuza chumvi akaleta mbuzi, dume, mnene. Mume wangu akampokea akicheka, maana mtani hukuletea kitu siku moja na siku nyingine akakunyang'anya, huulizi sababu. Tulimchinja. Ini nilikula mimi. Ngozi niliilainisha kwa mafuta nikaifanya ya kumbebea mtoto, kama wanavyofanya wanawake wa kwetu, na ilikuwa ngozi nzuri.

Yaliyofuata niliyapata kwa mume wangu siku ile ya mlenda, wageni walipokwisha kuondoka. Nilikaa mlangoni ili asitoke.

"Mtani wangu alikuja barazani pa boma," akasema. "Akaniamkia."

"Kwani kuamkia ni dhambi?"

"Aliniamkia bila tusi. Tangu nimjue hajawahi. Alisema, habari za kazi, ndugu. Nikajua papo hapo."

"Ukajua nini?"

"Akaniambia, mzee wa Mvumi tulimzika kama ulivyotuelekeza, na mdomo wake. Mbuzi umekula. Wewe sasa ni mwenzetu. Akauliza, bibi wa Chamwino ameitwa lini?"

Bibi wa Chamwino ni shangazi yangu, dada wa baba. Yeye ndiye aliyenilea. Ndiye aliyenipeleka misheni, si kwa dini, yeye hana habari na dini. Alisema nikasome ili pawe na mtu katika ukoo anayejua nini kinaandikwa juu yetu. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume. Watu wa akida walimfunga kamba wakampeleka upagazi, na hakurudi. Akida alisema amekimbia. Mpagazi mwenziwe alisema amefia katika kamba, kwa kiboko. Shangazi akafungua shauri.

"Ukamwambia siku?" nikamuuliza mume wangu.

Akaanza kukunja mkeka waliokalia wageni.

"Mara ya kwanza ulitania. Nakubali. Mara ya pili?"

"Ningesema sijui, wangejua nadanganya. Karani ni mimi."

"Kwa hiyo shangazi yangu afe kwa kuwa wewe ni karani hodari."

"Waliniambia wewe na mtoto..."

"Kamwambie Mdachi, bwana mkubwa wa boma."

"Yuko safarini. Atarudi siku ile ile ya mashauri. Waliobaki bomani wanakula kwa akida. Nikifungua mdomo leo, kabla jua halijapinda nitakuwa nimeshikwa na kizunguzungu."

Hakuwa akidanganya. Hilo lilinikasirisha zaidi. Mtu mwoga akidanganya unajua pa kumkamata, lakini huyu alisema kweli tupu na kila neno lilikuwa sababu ya kukaa.

Alfajiri nikaweka uji wa mtoto ndani ya kibuyu, nikamkabidhi mume wangu mtoto pamoja na ngozi ya kumbebea. Mwanangu alikuwa ameanza kula, angeweza kukaa bila ziwa. Ziwa ndilo lisingeweza kukaa bila yeye, lakini hilo halikuwa la kumwambia mwanamume.

"Shika mwanao. Mtani wako akija, mwambie unalea."

"Unakwenda wapi?"

"Wewe ni karani hodari. Jaza mwenyewe."

Nilitembea kutwa. Mwaka huo mvua ilikuwa imegoma, vumbi jekundu lilifika magotini, na njiani nilikuta mizoga ya ng'ombe. Sotoka ilikuwa imeingia. Nilifika Chamwino alasiri, nikamkuta shangazi nje ya tembe yake akijaribu shuka la marehemu mume wake, mkuki umeegemea ukuta, ugoro umejaa puani.

"Mbukwa, shangazi."

"Mbukwa, mwanangu. Umekuja bila mtoto. Nani amekufa?"

"Bado. Ni wewe."

Alicheka mpaka ugoro ukamtoka. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Alisikiliza huku akifunga shuka upya, begani, kiume.

"Wauza chumvi," akasema. "Nilijua. Chumvi yao ina mchanga siku zote."

"Jifiche, shangazi. Nenda kwa ndugu zako mpaka bwana mkubwa..."

"Nikijificha, siku ya shauri nitaitwa mara tatu. Akida atasema nimekimbia, kama mwanangu. Ukoo mzima wa wakimbiaji." Alitema mate. "Mimi nafika. Wewe niambie tu nafikaje."

Nilikuwa nimetembea kutwa nzima nikiwa na hasira, na hasira haikunipa jibu. Jibu lilikuwa limeegemea ukuta.

Kwetu ng'ombe wakiugua, wanaume wakishindwa, kazi huwa ya wanawake. Wanavaa nguo za waume zao, wanashika mikuki na fimbo za kuchungia, wanaukusanya ugonjwa kijijini kwa nyimbo na kuukimbiza kuelekea machweo, mpaka mpakani. Siku hiyo wanaume hukaa nyumbani wakisaga na kubeba watoto. Mwanamume anayekutana na wanawake hao hutoka njiani, hugeuza mgongo, huinamisha uso. Akiwatazama, ugonjwa unaacha safari yake na kuingia zizini kwake. Nyimbo zenyewe ni za matusi matupu. Misheni walituambia huo ni upagani, na aliyekutwa huko alifutwa katika madaftari ya kanisa.

Wanawake wa Chamwino walikuwa wanatoka kesho yake alfajiri. Kwa kawaida wanaufikisha ugonjwa mpakani mwa kijiji na kuwaachia wanawake wa kijiji cha mbele.

"Machweo ni upande gani?" shangazi akaniuliza, kana kwamba anamfundisha mtoto.

"Dodoma."

"Basi njia ya ugonjwa na njia ya boma si moja?"

Aliyewaongoza, mwanamke mnene mwenye sauti kama ya ng'ombe dume, hakuhitaji kubembelezwa. Ng'ombe wake wawili walikuwa wameshakwenda na akida kabla sotoka haijafika. Alisema mwaka huu ugonjwa ni mkubwa, hauwezi kuachiwa wenzetu wa vijiji vya katikati, tutausindikiza wenyewe. Nikapewa shuka, fimbo na mkuki wa mtu. Nikavaa. Watu wa misheni hawakuwa karibu kuniona, na kama wangekuwepo ningevaa.

Tulikwenda mbio za polepole, tukiimba. Maziwa yalinitoka yakalowesha lile shuka la mwanamume mpaka kiunoni, wenzangu wakanicheka, wakasema dume letu linanyonyesha. Nami nilicheka. Sijui kwa nini nalikumbuka hilo kwa furaha.

Mtoni tuliwaona tukiwa bado mbali. Punda watatu wamefungwa, mizigo ya chumvi chini, wao wameketi kando ya mashimo ya maji, pale pale. Mtu akitazama angesema wanapumzika. Waliposikia nyimbo waliinuka. Nikahesabu moyoni watakachofanya. Wakifanya kama wauaji, watatutazama mmoja mmoja usoni, na shangazi yumo. Wakifanya kama Wagogo, hawatatutazama.

Walifanya kama Wagogo. Waliweka fimbo chini, wakatoka njiani, wakatupa migongo, nyuso zikaingia kwenye miiba. Wenye kuua watu kwa mbuzi waliogopa maradhi ya ng'ombe. Kila mmoja wao ana zizi mahali fulani, na mama yake anamngoja huko.

Tungepita. Lakini shangazi akatoka mstarini. Nikamshika shuka, akaniponyoka. Akaenda kusimama nyuma ya yule mrefu, karibu kabisa, akatema ugoro karibu na kisigino chake, akasema kwa sauti nzito:

"Nyie wanawake wa chumvi! Mnamngoja nani huku juani?"

Siku hiyo mwanamume huwajibu wanawake kama mke anavyomjibu mume. Naye akajibu, sauti yake laini ikiwa laini zaidi:

"Tunangoja mgeni, bwana."

"Mgeni gani?"

"Bibi kizee, bwana."

"Mmempikia?"

"Bado, bwana."

"Wanawake wavivu! Akija mpikieni, msimkaribishe kwa mchanga!"

Kundi zima likapasuka kwa kicheko, wimbo ukachukuliwa upya, wa kumtaja yeye na viungo vyake vyote. Shingo yake ilikuwa mbele yangu. Ilikuwa imenyolewa vizuri, ina mkunjo mmoja. Mkuki niliokuwa nao haukuwa wa ngoma, ulikuwa wa kuulia fisi. Sikumchoma. Sisemi kwamba sikutaka.

Tulifika bomani jua likiwa limepita utosi kidogo, mashauri bado yanaendelea. Bwana mkubwa alikuwa amekaa barazani, mkalimani pembeni, akida kwenye kiti chake akijipepea. Kwenye meza ya kuandikia alikaa mume wangu. Hakuwa na wa kumwachia mtoto, akaja naye kazini. Mwanangu alikuwa amelala chini ya meza, juu ya ile ngozi ya mbuzi, kidole kimepakwa wino.

Jina la shangazi lilikuwa limekwisha kuitwa mara mbili. La tatu lilipoitwa aliitika akiwa na mkuki mkononi. Akida alimtazama kama mtu anayeona maiti inaomba maji ya kunywa. Bwana mkubwa akauliza kwa nini mwanamke huyu amevaa hivi, mkalimani akamweleza ni dawa ya ng'ombe, naye bwana akasema shangazi aache mkuki nje. Shangazi akasema shauri lake, juu ya mwanawe, bila kulia. Likaandikwa.

Kisha mkalimani akauliza, "Kuna mwingine mwenye shauri?"

Nikasimama mbele. Desturi ni kwamba mlalamikaji anasema kituo kwa kituo, karani anaandika, mwishoni anamsomea. Mume wangu alichovya kalamu. Hakuinua kichwa.

"Sema," akasema.

Nikasema. Kwenye shitaka la tatu kalamu ilisimama. Mkalimani akamuuliza, "Karani, mbona huandiki?" Mume wangu akatazama chini ya meza, kwa mtoto, kisha akachovya tena wino, ingawa kalamu ilikuwa bado imejaa. Hivi ndivyo alivyoandika, na hivi ndivyo alivyonisomea mbele ya wote:

"Mimi ni mwanamke wa Kigogo, mke wa karani wa boma hili, mama wa mtoto mmoja. Naleta shauri hili kwa akili zangu timamu na bila kutumwa na mtu.

Nawashitaki wauza chumvi watatu wa Bahi kwamba walimwua mzee wa Mvumi, mwenye ng'ombe, alipokuwa akija bomani kwa wito. Na kwamba tangu jana wanamngoja shangazi yangu mahali pale pale wamfanye vile vile. Wako huko hata sasa pamoja na punda wao. Naomba watakaotumwa kuwakamata wasiwe watu wanaokula kwa akida.

Namshitaki akida wa upande wa mashariki kwamba wanaokufa njiani ni wale tu wanaokuja kumshitaki yeye. Naomba aulizwe ni nani aliyemwambia kuwa shangazi yangu hatafika, hata akashtuka kumwona.

Namshitaki karani wa boma hili, mume wangu, anayeandika maneno haya, kwamba aliwapa watu hao siku na njia ya mzee wa Mvumi kwa mzaha, na siku na njia ya shangazi yangu kwa woga. Utani siushitaki, ni wetu sote. Nashitaki ile mara ya pili. Naomba aulizwe leo, mbele yangu, kabla hajapata nafasi ya kuogopa tena. Na akisema yote anayoyajua, alindwe, kwa kuwa watamwua.

Mashahidi wangu ni wanawake wa Chamwino walioko nje ya boma, waliomsikia muuza chumvi akikiri kwa kinywa chake kuwa anangoja bibi kizee. Mbuzi aliyetolewa kwa kifo cha mzee wa Mvumi tulimla bila kujua. Ngozi yake ndiyo hiyo chini ya meza, ameilalia mtoto. Naitoa kwa boma, ila naomba mtoto aachwe aamke kwanza.

Sina zaidi. Nimesomewa maneno yangu na karani, na hakuacha hata moja. Nimekataa kutia dole gumba. Nimeandika jina langu kwa mkono wangu."